Chafya ya Jep na Viatu vya Bwana Harusi

Mpendwa Bi Mwanamkasi,

Naomba msaada wako, na naomba usinicheke kabla hujafika mwisho, kwa sababu kila ninayejaribu kumweleza jambo hili hucheka mimi nikiwa bado nalia. Mimi ni muuguzi, Mkalenjin wa Kapsabet, naishi Perry Barr, Birmingham, huku Uingereza, na mume wangu Inderpal ambaye kwao ni Jalandhar, India, na Mungu ametujalia binti mmoja, Jepchirchir, tunamwita Jep, ana miaka minne na mdomo wa miaka arobaini.

Kwetu mtoto akizaliwa wanawake huketi naye wakataja majina ya marehemu wa ukoo, moja baada ya jingine, na lile atakalolipigia chafya ndilo la aliyerudi. Jep alizaliwa hapa, shangazi Truphosa alinyimwa viza, basi tukafanya kwa simu ya video, shangazi kule sebuleni kwa baba akitaja majina na mimi huku nimemshika mtoto mbele ya simu, na mtandao siku hiyo ulikuwa wa kukwamakwama, picha imeganda, sauti inakuja kwa vipande. Nikasikia "Kobilo", mtoto akapiga chafya, ndipo jina la pili likafika, Tapkigen. Kobilo ni dada ya babu, mwanamke aliyewahi kumfungia chifu nje ya boma mpaka aombe radhi. Tapkigen ni mama yangu, aliyefariki mwaka mmoja kabla, mtu mpole, sijawahi kumsikia akipaza sauti. Shangazi akauliza, "Ni lipi hilo?" Nikajibu, "Ni mama." Bi Mwanamkasi, nilikuwa nikimtaka mama.

Tangu siku hiyo baba yangu, Mzee Kibet, ambaye baada ya mazishi hata kikombe cha chai alikuwa hakimalizi, amefufuka. Kila Jumapili akitoka kanisani hupiga simu kumjulia hali "mwenye nyumba wangu", ndivyo alivyokuwa akimwita mama, na Jep humjibu kwa Kiingereza kumwambia kwamba ndevu zake hazifai, na Jumapili inayofuata mzee anaonekana amenyoa.

Sasa mwaka huu Februari tulikwenda Jalandhar kwa harusi ya Leena, binamu ya Inderpal, na huko ndiko mtoto alikochanua. Siku ya hina alimrudisha fundi mara mbili, eti ua la mkono wa kushoto limepinda, na kweli lilikuwa limepinda. Watoto kumi na wanne wa ukoo, wengine wana miaka kumi, walikuwa wakimfuata kwa mstari. Halafu siku yenyewe, unajua katika hekalu lao, gurdwara, kila mtu huvua viatu mlangoni, na wao wana mila kwamba dada za bibi harusi huiba viatu vya bwana harusi na hawavirudishi mpaka awape pesa. Wakati wa kuviiba ulipofika, hao dada wakakuta havipo. Walitafuta chini ya viti, ndani ya magari, nyuma ya masufuria ya wapishi, mpaka nyanya ya Inderpal akamwona Jep ameketi peke yake juu ya ngazi, sketi yake ya dhahabu imetandazwa pande zote, hainuki. Alikuwa amevikalia. Bwana harusi akaja na noti, Jep akazitazama, akasema kwa Kiingereza chake cha Birmingham kwamba pesa hataki, anataka bwana harusi acheze hapo uani pekupeku, na mama wa bwana harusi acheze naye. Na yule mama, ambaye tangu tufike hakuwa amemwonyesha mtu hata jino, alicheza! Ngoma zilipigwa, watu wakalia kwa kicheko, nami sijawahi kufurahi hivyo tangu nizaliwe.

Furaha hiyo ndiyo iliyoniponza, kwa maana nilimtumia baba ile video. Aliitazama mara tatu, akafuta macho, akasema, "Ndiye huyu. Hajabadilika hata kidogo." Huyo si mama, huyo ni Kobilo mtupu, na Desemba tunakwenda Kapsabet, baba ameita ukoo mzima, kondoo ametengwa, na mbele ya watu wote atamkabidhi Jep kibuyu cha maziwa cha mama, kile alichokishonea shanga mwenyewe. Nikisema ukweli namfanya baba mjane mara ya pili. Nikinyamaza, kibuyu cha mama kinapewa mtu mwingine na mimi nimesimama napiga makofi. Inderpal anasema turudie chafya kwa pilipili. Nishauri.

Mama Jep, Perry Barr

*

Mama Jep,

Nimecheka. Nilijizuia mpaka pale mama wa bwana harusi alipoanza kucheza, basi nikashindwa.

Sasa tuseme kweli. Usimsingizie mtandao. Mtandao ulikwama, ulimi wako haukukwama, ulidanganya. Njia ya mwongo ni fupi, ingawa yako imejitahidi, imefika hadi India. Lakini mwanamke aliyezaa ugenini hana mama wa kumpikia uji, akalitaja jina la mama yake, mimi siwezi kumpiga mawe. Pole sana, mwanangu.

Pilipili muiache jikoni. Mpigie baba yako wiki hii, siku ya kazi, Jep akiwa shule, si Jumapili. Mwambie kama ulivyoniambia mimi, kwa maneno hayo hayo. Usingoje Desemba. Mzee hashtukizwi mbele ya ukoo na kondoo. Na kibuyu akitaka kumpa mjukuu wake atampa, babu hahitaji chafya ya mtu ili atoe zawadi.

Ukishamaliza, muulize swali moja kisha ufunge mdomo: yule Tapkigen aliyemwoa alikuwa mtu wa namna gani? Wewe ulimjua mwanamke mwenye watoto, ng'ombe wa kukamua na kuni za kubeba, ukamwita mpole. Mimi nina watoto watano, na kuna miaka nami niliitwa mpole. Nilikuwa nimechoka tu.

Baba yako hakumtafuta yule mpole wako kwenye video ile, wala hakuwa akisikiliza chafya. Alimwona msichana amekalia viatu vya mwanamume, anamwamuru acheze ndipo apewe, naye hakuuliza huyu ni nani. Alisema hajabadilika. Mpigie, umuulize yeye, alipokuja kumposa mama yako, alicheza muda gani.

Mwanamkasi