Kikao cha Idara ya Kemia Kuhusu Chupa Mbili za Kloraidi ya Chuma

Siku: Ijumaa ya mwisho ya muhula
Mahali: Chumba cha maandalizi, nyuma ya maabara

WALIOHUDHURIA
Mkuu wa Idara – Mwenyekiti
Mwalimu wa Kemia (Mzee Valensi)
Mtunza maabara
Fundi cherehani, mwakilishi wa wazazi
Mwalimu wa Fizikia – Katibu

ASIYEHUDHURIA
Mwalimu Mkuu (alituma udhuru, alituma pia uamuzi)

KUMB. NA. 1/KEM: KUFUNGUA
Mwenyekiti alifungua kikao saa nane na nusu, baada ya mwakilishi wa wazazi kutafutiwa kiti.

KUMB. NA. 2/KEM: CHUPA
Mwenyekiti alieleza kwamba katika mtihani wa vitendo watahiniwa walipewa chumvi kutoka chupa iliyoandikwa "Kloraidi ya Chuma". Waliongeza sodiamu haidroksaidi, wakatakiwa kutaja rangi ya mashapo na kuandika fomula ya chumvi. Mwongozo ulitaka kahawia na FeCl₃. Wengi waliandika hivyo. Wachache waliandika kijani na FeCl₂, wakapata sifuri.

Mzee Valensi alieleza kwamba chuma hubeba chaji ya mbili au ya tatu, ndiyo maana jina huwekewa namba ya Kirumi. Yeye hakuwahi kuiweka. Chupa ya kulia rafuni ilikuwa (III), ya kushoto (II), na "idara nzima inajua". Alimlaumu mtunza maabara, aliyezirudisha baada ya rafu kupakwa rangi.

Mtunza maabara alijibu: "Mimi niliingia kwa mlango wa nyuma, Mzee. Kulia kwangu ni kushoto kwako."

Chupa ilipimwa mbele ya wajumbe. Mashapo yalikuwa ya kijani. Mzee Valensi aliomba kikao kisubiri, kwa kuwa kijani hicho kikipata hewa hugeuka kahawia. Kikao kilisubiri. Kijani kiligeuka kidogo, ukingoni.

KUMB. NA. 3/KEM: ALAMA
Fundi cherehani, ambaye binti yake alipata sifuri na kukosa mkondo wa sayansi, aliuliza waliofaulu waliiona wapi kahawia. Mwenyekiti alijibu kwamba walikumbuka ya darasani.

"Kwa hiyo kosa la mwanangu ni kuwa na macho?"

Mwenyekiti alimwomba atumie lugha ya kikao. Fundi alisema hiyo ndiyo aliyokuja nayo.

Mwenyekiti alisoma uamuzi wa Mwalimu Mkuu: majina yameshabandikwa, nafasi zimejaa, na kusahihisha upya kutawashusha wengi. Alama zibaki.

Mzee Valensi, kwa sauti ya chini, aliomba iandikwe kwamba binti yule alipatia. Mwenyekiti alisema hiyo si ajenda. Ombi limeandikwa.

KUMB. NA. 4/KEM: MENGINEYO
Mtunza maabara aliagizwa kubandika namba za Kirumi kwenye chupa zote za metali za mpito.

Fundi cherehani, aliyepewa kazi ya kushona makoti meupe ya mkondo wa sayansi tangu muhula uanze, aliyaweka mezani. Mwenyekiti aliyahesabu, akasema limezidi moja, dogo.

Fundi alisema halijazidi. Aliliacha juu ya mengine, akatoka.

KUMB. NA. 5/KEM: KUFUNGA
Kikao kilifungwa saa kumi kasorobo. Koti limewekwa kabatini kwa mtunza maabara, hadi apatikane mwanafunzi ambaye litamwenea.

Mwenyekiti: (sahihi)
Katibu: (sahihi)