Kenol na Chanjo ya Kupe

Mke wangu mpendwa,

Sitakujulia hali. Miaka yote niliyofundisha niliwaonya wanafunzi wasiulize swali ambalo jibu lake haliwezi kufika, na kanuni hiyo sitaivunja kwa sababu tu ni wewe ninayekuandikia. Nitakueleza jambo lililotokea hapa Kiganjo. Limenikanganya, na sijui mtu mwingine ambaye angeuelewa uzito wake.

Kenol amechanjwa.

Wewe hukumwona Kenol. Ni ndama jike wa Sagana, aliyezaliwa baada ya sisi kukuzika. Jina nililiona tayari limewekwa. Ng'ombe wa kwanza tulimnunua Nanyuki ukamwita Nanyuki, bintiye ukamwita Karatina, na mjukuu ukamwita Sagana, ukisema ng'ombe wako wanateremka polepole, mji baada ya mji, kuelekea Nairobi. "Tukifika Kenol," uliniambia, "tutakuwa wazee, tutapumzika." Mama Wambui, nimefika Kenol peke yangu.

Siku ile kule Nanyuki hukuanza na kiwele kama wanunuzi wengine. Ulifungua sikio la ng'ombe, ukaingiza kidole, ukachungulia, kisha ukahamia sikio la pili. Yule mzee wa kofia nyeupe aliyekuwa akimuuza alicheka mpaka akaegemea ua.

"Mama, unanunua ng'ombe ama unanunua masikio?"

"Nanunua masikio," ukamjibu. "Ng'ombe utanipa kama nyongeza."

Ulikuwa ukitafuta kupe. Sijapata kumwona mtu aliyechukia kitu kwa nidhamu namna ile. Kila asubuhi kabla ya kukama ulipita katika masikio, chini ya mkia na kwenye mapaja, na kila kupe uliyemng'oa ulimtia kwenye mkebe wa mafuta ya taa uliouning'iniza kwenye msumari zizini. Walikuja na majani tuliyokata kando ya barabara, na hawakuisha. Nilipokuita ndani unywe chai ilikuwa kawaida yako kujibu, "Wewe sahihisha madaftari yako. Mimi nasahihisha masikio."

Na bado ndigana kali, ule ugonjwa wa kupe, ilimchukua Karatina. Tezi zilimvimba chini ya sikio, pumzi ikawa ya kukoroma, povu likamtoka puani. Ulikaa juu ya gunia ukiwa umempakata kichwa hadi alipokwisha. "Ni kupe mmoja tu," ulisema. "Mmoja tu nilimruka."

Katika mvua za mwaka huu Sagana alikwenda vivyo hivyo, Kenol akiwa bado ananyonya. Binti yetu Wambui alikuja kutoka kwake Skuta, akasimama mlangoni pa zizi akiwa na viatu vyake vya kazini, akaniambia, "Baba, huyu ndama muuze ukiwa bado unaweza. Uje ukae na sisi." Nilimjibu kwamba nitauza zizi siku Kenol atakapokufa, si kabla. Sasa unajua kwamba zizi lako lote lilimtegemea ndama mmoja.

Ndipo Daktari Wairimu alipofika. Unamkumbuka, ni yule msichana aliyekuwa akija kuchukua maziwa jioni na kukusaidia kushika ndama. Siku hizi ni daktari wa mifugo. Alisema kuna chanjo ya ndigana kali, nami nikakubali kabla ya kuuliza. Kisha nikauliza inatengenezwaje, na tangu saa hiyo sijatulia.

"Inatengenezwa na kupe, Mwalimu."

Nilidhani ananitania. Hakuwa akinitania. Aliniambia kwamba katika maabara alikopata mafunzo, kupe wanafugwa. Wanatotolewa kwa mayai, wakiwa safi, hawajawahi kuonja damu ya shamba lolote. Wakiwa wadogo wanalishwa damu ya ng'ombe aliyeambukizwa ndigana kwa makusudi. Wakishajivua ngozi na kukua, wanawekwa kwenye masikio ya sungura siku chache, ili vimelea vya ugonjwa vikomae ndani ya tezi zao za mate. Kisha wanasagwa. Kinachotoka kinachujwa, kinachanganywa na kitu cha kuzuia baridi isikiue, kinatiwa katika mirija myembamba na kuzamishwa katika nitrojeni iliyo baridi kuliko barafu yoyote ya mlimani kwetu.

"Isikiue?" nikamwuliza. "Kwa hiyo kiko hai?"

"Kiko hai. Kikikufa hakina kazi."

"Basi utampa Kenol ugonjwa wenyewe."

"Nitampa ugonjwa upande huu, na sindano ya dawa upande huu, saa hiyo hiyo. Mwalimu, sikia. Ukimpa ugonjwa bila dawa, unamuua. Ukimpa dawa bila ugonjwa, mwili haujifunzi kitu. Lazima zikutane."

Nikamwuliza walijuaje kipimo. Akasema kila chanjo mpya inapotengenezwa hujaribiwa kwanza kwa ng'ombe wachache, ili wajue kiasi kinachofundisha na kiasi kinachoua.

"Na hao wa kwanza kabisa, waliojaribiwa zamani?"

Alikoroga chai yake ingawa sukari ilikuwa imekwisha kuyeyuka. "Wengine walikufa, Mwalimu."

"Walikuwa na majina?"

"Walikuwa na nambari."

Usiku ule nilijiuliza ungesema nini. Wewe uliyewaua kupe maisha yako yote, ungekubali kusikia kwamba mahali fulani kuna mtu aliyevaa koti jeupe, ambaye kila asubuhi huwatazama kupe wake kwenye masikio ya sungura na kuomba wasife? Mtu huyo na wewe mlikuwa mkitaka jambo moja. Nimeipindua fikra hiyo kila upande na haijakaa sawa.

Mrija mmoja unatosha ndama wengi, na ukishayeyuka haurudishwi kwenye baridi. Lazima utumike asubuhi hiyo hiyo. Kwa hiyo ndama wa kijiji kizima walikusanyika kwenye josho la zamani, lile lisilo na dawa tangu chama cha ushirika kife. Mama Njoki, jirani yetu, alitangulia kama kawaida yake. Alipouona mtungi wa nitrojeni akasimama.

"Si hii ni mtungi ya mbegu ya fahali? Daktari, huyu wangu bado ni mtoto, usinipandishie."

Watu wakacheka. Kisha akatoa mkebe wa mafuta ya kupikia kwenye kikapu, akamkabidhi Wairimu kwa mikono miwili, kama mtu anayetoa sadaka. Ulikuwa umejaa kupe, wazima, wakipandana. Alikuwa amewaokota wiki nzima.

"Nilisikia dawa inatoka kwa hawa. Nikasema usije ukakosa. Hawa ni wa kwangu, wamenona."

Wairimu hakumcheka. Alimshukuru, akamweleza kwamba kupe wa maabara wanajulikana wamekula nini tangu siku ya kuzaliwa. "Lakini hawa wako, Mama Njoki, nani anajua wametembea wapi? Mmoja ako na ugonjwa huu, mwingine ako na ule. Nikisaga hawa, nitakuuzia kifo kwa chupa."

"Na mimi nimewalisha vizuri hivyo," akasema Mama Njoki, akaufunika mkebe wake. Nilitamani sana uwepo. Mngecheka hadi Krismasi.

Zamu ya Kenol ilipofika, Wairimu alimpima kifua kwa utepe, akamdunga dawa msulini. Kisha akalishika sikio na kuidunga chanjo chini yake, mahali pale pale palipomvimba Karatina. Akamtoboa sikio, akamvalisha hereni ya njano ya plastiki, alama ya waliochanjwa. Nilimshika kichwa.

Wiki ya pili homa ikaja. Tezi ikavimba chini ya sikio, Kenol akayaacha majani. Nilimpigia Wairimu, na sauti yangu sikuipenda.

"Ni mwili unasoma, Mwalimu. Anapumua vizuri?"

"Anapumua."

"Basi ngoja. Akianza kukoroma nipigie, nakuja na dawa."

Ngoja. Neno hilo nimewaambia watoto wa watu maisha yangu yote. Nilikaa juu ya gunia lako nikisikiliza pumzi, na sikuweza kutofautisha ndama anayejifunza na ndama anayekufa. Uvimbe ni ule ule na joto ni lile lile. Nilijaribu kukuuliza wewe, nikavunja kanuni yangu, na kama nilivyowaambia wanafunzi, jibu halikufika.

Siku iliyofuata asubuhi aliipiga ndoo teke akitaka maziwa. Uvimbe ukaanza kupungua. Wambui alipopiga simu kuuliza, nilimwambia zizi haliuzwi, akasema, "Sawa, Baba. Basi nitaleta majani Jumamosi."

Ungedhani ningekuwa na raha. Leo asubuhi nilipita katika masikio yake kama ulivyokuwa ukifanya, kwa sababu Wairimu alisema tusiache: chanjo hii inazuia ndigana kali peke yake, na kupe wana magonjwa mengine. Nyuma ya hereni ya njano nikamkuta mmoja. Nikamng'oa. Alitembea juu ya kidole changu, na mimi ambaye sijawahi kukosa jibu mbele ya darasa nilisimama pale nisijue nimshike kama nani. Huenda jamaa yake wa mbali alisagwa ndio Kenol akapona. Huenda babu yake ndiye uliyemruka.

Nilimtia kwenye mkebe wako. Mafuta ya taa niliyabadilisha juzi, msumari ni ule ule. Kisha nikajisikia nikisema, "Pole." Ndama akageuka kunitazama. Hadi saa hii ninapokuandikia, sijui neno lile nilimwambia nani kati yenu watatu, wewe, ndama au kupe.

Lala salama katika udongo wa Kiganjo. Masikio nayasahihisha mimi.

Mume wako,
Baba Wambui