Kidani cha Mama

Mdogo wangu Minza,

Habari za huko Morogoro, na tumbo linaendeleaje? Mimi nimefika Bariadi, ila mgongo bado uko njiani. Vumbi la Migato limeniingia hadi kwenye meno, na hapa gesti maji yamekatika, kwa hiyo nakuandikia nikiwa bado nalo.

Nilimpata Mama Kwandu huko Migato, yule aliyemtungia mama kidani chake cha mbegu. Nilimkuta uani anachambua pamba. Nikampa mbegu tulizookota kilipokatika siku ya msiba, na nyingine mpya nilizonunua sokoni kujazia zilizopotea. Zile mpya akazitenga, akanirudishia.

"Hizi za zamani zimekunywa mafuta ya shingo ya mama yako," akasema. "Alizovaa marehemu hatuzichanganyi na mpya."

Nilibishana naye hadi nikachoka. Yeye akawa ameshaanza kuzitunga kwenye ukano wa ng'ombe, huku akinisogezea michembe, vile viazi vikavu, na karanga. Alipomaliza, kidani hakikufika hata nusu ya shingo yangu. Nikamwambia safari yote hii imekuwa ya bure, maana mdogo wangu ndiye aliyetaka kukivaa.

Akauliza kama una mtoto. Nikasema bado, labda mwezi ujao.

"Basi ni saizi yake," akasema.

Nakuletea. Kula vizuri, na ndoo usibebe. Ncha za kidani ameziacha wazi. Amesema fundo atapiga mama wa mtoto.

Kaka yako,
Masanja