Mikeka ya Ijumaa

Jumatano. Asubuhi manyunyu na baridi.

Siri hii inanikaba. Kamati imekubali kanisa letu kuukuu libomolewe, na mimi katibu nimeapishwa nisiseme mpaka mafundi wafike Ijumaa alfajiri, wasije watu wakapinga. Uani mwa kanisa ndipo Waislamu wa msikiti jirani hutandika mikeka ya kuswalia Ijumaa msikiti ukijaa, tangu enzi za wazazi wetu.

Leo Mama Halima, mtunza msikiti, ameniita kwenye ukuta unaotenganisha kanisa na msikiti.

"Mama Mutua, nimenunua mikeka mipya. Tutandike palepale?"

"Palepale, dada."

"Mbona umenuna? Ama siku hizi mnataka kodi?"

Tukacheka. Akanipa mkeka mmoja, eti wa kupigia magoti kanisani.

Nikimwambia, kamati itanifukuza. Nisipomwambia...

Nimeusukuma chini ya kitanda. Bado nauona.

Nalala saa nane kasorobo usiku.