Pikipiki ya Majini

Mpwa wangu Mwanaidi, salamu toka Tanga. Mjomba wako mzima, ila kichwa kinazunguka.

Leo nimekodi pikipiki ya majini, mimi niliyeshuka milima ya Amani kwa pikipiki isiyo na breki! Nikaikimbiza mpaka samaki wakanipisha. Wimbi likanitupa. Nikiwa naelea na boya langu, ikazima yenyewe, ikanisubiri kama punda. Nikasoma Ayatul Kursi yote.

Niliporudi ufukweni nikamsimulia dada mwenye kukodisha, akacheka: "Mjomba, si nilikufunga kamba mkononi? Ukianguka inachomoka, injini inazima."

"Mbona ulisema ya majini?"

"Ndiyo, ya majini!"

Hata sasa sijamwelewa. Nakuombea heri, mwanangu. Mwambie mama yako, wenzetu hupandwa na majini, kaka yake kawapanda.