Risasi Moja ya Mzee Behrends

Ranchi ya Mierezi, Texas
12 Oktoba 1998

Dada Elfrieda,

Hujambo, na mgongo wako umepata nafuu? Mimi ni mzima, ila vumbi la huku litanimaliza. Macho ya Mzee wetu yanaendeleaje? Juzi kwenye simu aliniambia miti ya ng'ambo ya kijito siku hizi anaiona kama moshi. Nilikata simu nikakaa ndani ya pikapu nikalia. Usimwambie.

Ndiyo maana naandika. Msimu wa kulungu unafunguliwa tarehe saba Novemba, na huenda ukawa wake wa mwisho. Nataka aje awinde kwangu. Kuna dume mmoja hapa, dada, pembe utadhani kiti cha kuegemea! Mzee hajapata kupiga dume wa namna hiyo maishani. Najua utasema nini. Sawa, ranchi hii ninayofanyia kazi ina uzio mrefu wa seng'enge, na wageni wanalipa kupiga wanyama tuliowafuga wenyewe. Lakini huyu yuko upande wa mtoni, nje ya uzio, porini kabisa. Mshawishi, maana wewe anakusikiliza.

Mdogo wako,
Wendel


Kreuzberg, Texas
19 Oktoba 1998

Wendel mdogo wangu,

Barua imefika salama, nasi hatujambo. Mgongo ni uleule, nimeuzoea kama jirani mgomvi. Mzee anakula, anabishana na redio, anakuulizia.

Nilimsomea barua yako (nikaruka pale pa kilio, nishukuru). Akauliza, "Nje ya seng'enge?" Nikamjibu, "Ndivyo asemavyo mwanao." "Na lile pipa lao la kuwamwagia kulungu mahindi?" Nikamwambia hakulitaja. Akacheka: "Kama ni kumpiga mnyama anayekula kwenye sahani yako, si nimpige tu ng'ombe wako zizini, Frieda? Naye ana pembe." Lakini jioni nilimkuta anasafisha bunduki. Anakuja, Wendel. Na anakuja kwa sababu umemwita wewe, wala si kwa sababu ya pembe.

Sasa nisikilize vizuri. Unamjua alivyo: hutoka na risasi moja tu, mfukoni mwa koti, na haiingii kwenye bunduki mpaka amwone mnyama na aridhike naye. Akikosa, anarudi nyumbani. Unakumbuka mwaka jana kwenye karamu ya wawindaji pale kanisani? Alisimama akaeleza jinsi alivyomkosa yule dume wa kijitoni, watu wakavunjika mbavu, Mchungaji Ahrens akajimwagia bia. Mzee hajawahi kudanganya kuhusu risasi, hata ile iliyomwaibisha. Kwa hiyo nipigie simu uniapie kwamba huyo mnyama yuko nje ya uzio. La sivyo namfichia viatu.

Dada yako,
Elfrieda


Ranchi ya Mierezi
9 Novemba 1998

Dada mpenzi,

Salamu tele! Natumaini Mzee amefika nyumbani bila uchovu na amekusimulia yote. Mimi leo siguswi kwa furaha.

Dume alikuwa palepale mtoni kama nilivyokuapia. Tulikaa na Mzee kwenye kibanda cha kuvizia, mablanketi magotini, kahawa ya chupa. Jua lilipochomoza tu yule dume akatoka vichakani, akasimama ubavu wazi. Mzee akanyanyua bunduki. Akatazama muda mrefu kwenye darubini ya bunduki, mimi roho mkononi. Mara paa! Dume akaanguka palepale. Nikapiga ukelele: "Umempata, Baba!" Nikamkumbatia, nikampaka damu shavuni, kama alivyonipaka yeye nilipopiga kulungu wangu wa kwanza. Akasema "Eeh" tu, nadhani furaha ilimzidi. Tukampiga picha ameshika pembe.

Soseji za nyama yake nimewatumia kupitia kwa Mzee. Kichwa kiko kwa fundi wa kukausha vichwa vya wanyama, kitatundikwa sebuleni kwenu kabla ya Krismasi.

Mdogo wako,
Wendel


Kreuzberg
16 Novemba 1998

Wendel,

Mzee ni mzima wa mwili. Nami ni mzima. Wewe sijui.

Soseji zako hajazigusa. Nilimkaangia mara mbili, akasema tumbo limejaa, akala mkate na jibini. Kuhusu dume lako hajanisimulia hata neno moja, yeye ambaye akiua sungura utamsikia wiki nzima.

Jana nilifua koti lake la kuwindia. Mfukoni nilikuta risasi yake. Nzima, haijapigwa. Nimeikagua kila upande, ni yake, ina mkwaruzo aliouweka kwa kisu ili asiichanganye na za watu.

Basi niambie, mdogo wangu. Kama risasi ya Mzee ilikuwa mfukoni, nani alimpiga yule kulungu?

Elfrieda


Ranchi ya Mierezi
23 Novemba 1998

Dada,

Natumaini barua hii itakukuta umepoa kidogo. Nimeanza kukuandikia mara kadhaa nikachana. Kwanza nilitaka kusema labda alibeba risasi mbili. Lakini wewe hudanganyiki, na mimi nimechoka.

Yule dume hakuwa nje ya uzio. Nilimpitisha Mzee njia ya nyuma alfajiri asione seng'enge. Dume tulimlea kwa chupa ya maziwa tangu akiwa mdogo, alikuwa anakula kwenye pipa kila asubuhi. Wiki moja kabla nilimng'oa ile hereni ya namba sikioni. Tundu likabaki. Nikadhani kwa macho yale hataliona.

Dub, anayewaongoza wageni wetu, alikuwa kwenye kibanda cha pili na bunduki yake. Ni kawaida hapa, mgeni akipiga naye anapiga, mnyama asikimbie na jeraha. Mzee alitazama, akatazama. Hakupiga. Dume akaanza kugeuka, na Dub akapiga. Nikapiga kelele kabla sijafikiri. Mzee akanitazama usoni, Frieda, akasema "Eeh," basi. Nikajiambia amechanganyikiwa, ameamini amepiga yeye.

Na kuna jingine. Wenye ranchi waliiomba ile picha iwe tangazo lao. Mzee Hugo Behrends, aliyepinga seng'enge kwenye kila mkutano wa wilaya, ameshika dume letu! Niliwapa. Nilitaka wanione mtu. Lakini naapa nilitaka pia apate yule dume, yote mawili ni kweli. Nakusihi usimwambie Mzee. Itamuua.

Mdogo wako,
Wendel


Kreuzberg
29 Novemba 1998

Wendel,

Hatujambo, ahsante kwa kutouliza.

Unaogopa nimwambie Mzee? Nimwambie nini! Yeye ndiye aliyeacha risasi mfukoni. Alikuwa anajua ni mnyama wa kufugwa tangu mle kibandani, kabla Dub hajapiga. Alikutazama ukirukaruka kwa furaha akaona afadhali akuachie.

Picha yenu imebandikwa dukani, pale tunaponunua chakula cha ng'ombe. Jina lake chini kwa herufi kubwa. Otis Rode, yule mwindaji mwenzake, amesimama mbele yake akicheka na watu, mimi nimeshika gunia nataka ardhi inimeze. Huyo ni baba yako umembandika, si kalenda.

Jumamosi ijayo ni karamu ya wawindaji. Watamsimamisha asimulie, unajua watamsimamisha. Nimekuwekea kiti karibu naye. Njoo usimame wewe kwanza, useme ulichonieleza mimi. Utaona haya, ndiyo. Haya haimuui mtu.

Dada yako bado,
Elfrieda


Kreuzberg
6 Desemba 1998

Mdogo wangu,

Natumaini u mzima, maana jana nilikuombea ajali ndogo tu, gurudumu kupasuka njiani, ili nipate kumwambia Mzee sababu ya kiti chako kuwa kitupu. Kila mlango ulipolia aligeuza kichwa. Kwa macho yale asingemwona aliyeingia, lakini aligeuza.

Baada ya chakula Otis Rode akasimama na ile picha mkononi. Akasema kwa sauti: "Hugo, tuambie ukweli. Watu wanasema mwanao alikuwekea mnyama wa zizini, akakuchezea kama mtoto. Kweli au uongo?" Mimi nikaanza kunyanyuka. Mzee akanishika mkono akanikalisha, akasimama yeye na fimbo yake.

Wendel, alidanganya. Alieleza jinsi dume alivyotoka mtoni, nje ya seng'enge. Alivyoitoa risasi mfukoni. Alivyovuta pumzi, alivyobana kidole, bunduki ilivyomsukuma begani. "Nilimpiga mwenyewe," akasema, "na mwanangu ndiye aliyenionyesha." Ukumbi ukalipuka kwa makofi. Otis akaja kumwomba radhi, na Mzee akampa mkono.

Ndani ya gari nilimuuliza kwa nini. Nilikuwa nalia kwa hasira, sikuficha. Akasema, "Ulitaka niseme nini mbele yao, Frieda? Yule ni mwanangu." Tulipofika getini akasema karamu ile hataki kupelekwa tena, kwa sababu wakimsimamisha hatajua aseme lipi.

Leo asubuhi kulikuwa na jalidi nyeupe kwenye nyasi, hali ya hewa anayoipenda. Majirani walikuwa wanapiga risasi huko vilimani. Alikaa jikoni na soksi zake anasikiliza, bunduki imening'inia ukutani. Akanipa risasi akasema nikutumie, ni yako, yeye hana kazi nayo tena. Posta hawapokei risasi. Nimeiweka dirishani juu ya sinki. Njoo uichukue mwenyewe, ingia kwa mlango wa jikoni, na useme jina lako mapema, maana atadhani ni mtu mwingine.

Dada yako,
Elfrieda