Kwa Fundi Dakika, Aliyemjua Muuaji Tangu Sura ya Tatu

Umetimia mwaka mmoja, mdogo wangu, tangu Alhamisi ile moyo wako uliposimama ghafla, wewe ukiwa kwenye meza yako ya kutengenezea saa, kioo cha kukuzia kikiwa bado jichoni.

Wateja walikuita Fundi Dakika. Hukumkabidhi mtu saa yake kabla hujaisikiliza siku nzima. Mwenye papara ulimwambia kwa upole, "Ukitaka ya haraka, mzee wangu, kanunue mpya."

Jumapili baada ya chakula cha mchana zilikuwa zako. Ulitusomea kwa sauti ile riwaya ya upelelezi ambamo mcheza sataranji anakutwa ameuawa mbele ya ubao wake. Ulizipanga kete mezani kama zilivyochorwa kitabuni, ukaigiza sauti ya kila mshukiwa. Mama alimshuku mtunza bustani.

"Simwamini. Hasalimii watu."

"Mama, huyo mbona kauawa sura ya pili!"

"Basi kajiua apoteze ushahidi."

Ulicheka mpaka kitabu kikakuponyoka.

Wewe, tangu sura ya tatu, ulimtaja daktari, aliyedai kwamba alikuwa akicheza na marehemu. Ulituonyesha kwenye ubao askari mweupe, ile kete ndogo, aliyesimama mstari wa kwanza kabisa, nyuma ya mahali anapoanzia. "Askari harudi nyuma, kaka. Aliyezipanga kete hizi hajui mchezo." Nikakujibu kwamba hilo ni kosa la mpiga chapa, na kwamba mtu hahukumiwi kwa kosa la mpiga chapa.

Sheria ya kila mmoja kumtaja mshukiwa wake kabla ya sura mpya niliiweka mimi. Shule ya bweni ilinifunza kwamba asiyetoa jibu lake hana haki ya kusikia jibu la kitabu, na malezi hayo najivunia hadi leo. Jumapili ya mwisho ilikuwa imebaki sura moja. Sikuwa na jibu, wala sikutaka kukiri kwamba lako lilikuwa na nguvu.

"Taja yeyote tu, kaka, tumalize."

"Sheria ni sheria. Jumapili ijayo."

"Haya, kiranja," ukasema, ukafunga kitabu.

Jumapili hiyo hukuiona.

Kitabu kilikaa kabatini miezi kumi na moja. Mwezi uliopita Mama aliamuru kisomwe, nikakisoma mimi, kwa sauti yangu isiyojua kuigiza. Muuaji alikuwa daktari. Aliyemfichua ni askari yule yule. Binti yako alipiga makofi mara moja, kisha akakitazama kiti chako.

Ulishinda, mdogo wangu, ukaondoka bila kulijua hilo, kwa sababu niliona haya kusema, "Sijui." Sheria ilikuwa njema, aliyejificha nyuma yake ni mimi. Nisamehe.

Unakumbukwa na Mama, mke wako mpenzi, binti yako, mafundi wenzako, nami kaka yako. Tutakukumbuka siku zote tulizobakiziwa.